Nyama ya Mzee Amisi

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi kwenye barza ya Mama Zaina, hapa mtaa wa Kasuku mjini Kindu, nikitazama mafuta ya mbuzi yakimtiririka kidevuni. Mama Zaina amepita miaka themanini, meno yamebaki ya kuhesabu, na siku hiyo alikuwa akilamba vidole kimoja kimoja huku wageni watatu kutoka Obokote wakimshukuru. Mkubwa wao, kijana mwenye ndevu chache anayeitwa Yuma, alikuwa amepiga goti moja mbele ya kiti chake. "Mama, aksanti sana kwa kututumia babu yetu," alisema. "Bila nyiye wazee wa Kindu, kule kwetu mu pori hata muntu moja hangejua kuswali." Mama Zaina akatikisa kichwa, mdomo umejaa nyama. "Ee, tulimutuma," akasema. "Tulimutuma na roho yote." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia taya zake zikitafuna. Mimi ni mwalimu wa historia, na wageni walikuwa wameniomba niandike jinsi Uislamu ulivyofika kwao, kwa kuwa wamejenga msikiti mdogo wa udongo na wanataka watoto wajue ulianzia wapi. Kalamu ilikuwa mkononi. Na nilijua vizuri kwamba hakuna mtu aliyemtuma huyo babu yao, Mzee Amisi, popote. Tulimtapika. Nasema tulimtapika, kwa sababu nami nilikuwepo, msichana wa miaka ishirini mwenye njaa na daftari, na mwaka ule haujanishuka kooni mpaka leo.

Ulikuwa mwaka wa vita. Habari za wazazi wangu naziacha. Inatosha kusema kwamba mimi ni Mkatoliki, mtu wa Kasai, mtoto wa reli, na kwamba vita vilipofunga njia ya treni vilinifungia Kindu na wao vikawafungia mbali. Mama Zaina alikuwa jirani. Alinichukua nyumbani kwake, akanipa mkeka katika chumba cha nyuma, chumba chenye dirisha dogo lililozibwa kwa kipande cha bati, na harufu ya mawese yaliyochacha ambayo haikuisha hata tulipokaa miezi mingi bila tone la mawese. Lazima niliseme hili kwa haki: alinilisha. Tulikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi, siku nyingine na siku nyingine tena, kwa sababu kwenda shambani ilikuwa kwenda kukutana na wenye bunduki, na chumvi ilikuja kwa ndege tu, ikaishia kwa wakubwa. Sombe bila chumvi wala mafuta ina ladha ya majani ya kulishia mbuzi. Tuliila kwa kufumba macho, na Mama Zaina alikuwa akisema, "Kula, Kapinga, usiangalie." Kila ninapomchukia, ninakumbuka kwamba sauti hiyo iliniweka hai, na hapo ninazidi kuchefukwa, kwa sababu ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya tu.

Shule zilikuwa zimefungwa na mimi sikuwa na la kufanya. Nikaanza kuuliza maswali. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba za reli, kati ya watu wa misheni, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala na kuamka kati ya Waislamu. Nchi yetu ni kubwa, na ndani yake wao ni wachache sana. Lakini hapa kwenye mto, mbali kabisa na bahari, walikuwa majirani wa kila upande. Nilitaka kujua walifikaje. Nikachukua daftari lililobaki nusu ya masomo ya shule, nikazunguka kwenye barza za mtaa. Kila nyumba ilinipa hadithi ile ile. Babu alikuwa mtu wa pwani. Babu alikuwa na ndevu ndefu, kanzu nyeupe na pembe za ndovu. Babu alikuja, akapenda nchi, akaoa, akafundisha. Baada ya nyumba ya saba nilikuwa najiuliza hao mababu wote wenye kanzu nyeupe walibebewa mizigo na nani, maana hakuna aliyekuwa mjukuu wa mbeba mzigo. Niliuliza hivyo kwa Mama Zaina na akacheka kidogo, kisha akanikataza kuuliza tena. "Ile maswali haiko ya mutoto mwenye adabu," akasema. "Siye ni watu wa asili. Andika vile."

Jambo jingine nililiona kabla sijalielewa. Wanawake wa mtaa wetu walipokuwa wanasoma Fatiha, walikuwa wanakata pumzi mahali pa ajabu, katikati ya aya, mahali ambapo shehe wa msikiti hakukata. Walisoma, wakasimama, wakasoma, wakasimama, kwa mwendo mmoja wote, wazee kwa wasichana. Mama Zaina alikuwa anafanya hivyo, na dada zake, na hata mwanamke wa mtaa wa pili aliyekuwa amegombana nao tangu zamani. Niliandika pembeni mwa ukurasa, "Kwa nini wanapumzika hapo?" Hakuna aliyejua. Waliniambia ndivyo mama zao walivyosoma.

Aliyejua alikuwa Mzee Amisi. Alikuwa mchinjaji wa mtaa, mtu mwembamba wa miaka sabini na kitu, mwenye kisu ambacho mpini wake ulizungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wachinjaji wengine walikuwa wamekimbia vita au wamekufa. Yeye alibaki, na kila aliyekuwa na kuku au mbuzi alimwita, Waislamu na Wakristo pia, kwa sababu Mkristo wa Kindu anayeoza binti yake hachinji mwenyewe. Humwita Mwislamu achinje ili majirani wote waweze kula. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na sebule isiyo na kiti. Alinikaribisha kwenye mkeka, akanipa muhindi mmoja wa kuchoma, akajimegea nusu yake. Nilimuuliza swali langu la siku zote, nikisubiri kanzu nyeupe.

"Miye sina babu wa pwani," alisema. "Niko na mama tu. Walimukamata kule Obokote, akiwa mutoto bado. Wakamufunga kamba na wengine, wakawaleta mpaka ku mto."

Nilikoma kutafuna. Aliendelea kwa sauti ile ile, akipukuchua muhindi wake. Mama yake aliitwa Mashaka. Hilo ni jina walilompa njiani, na la nyumbani kwao hakumwambia mtu. Katika msafara wa watu wa pwani kulikuwa na mpishi mzee, naye aliwahi kukamatwa zamani, sehemu nyingine. Mpishi huyo alimwonyesha Mashaka jambo moja: wanaoswali wanafunguliwa mikono ili watawadhe. "Mara tano kwa siku," Mzee Amisi alisema, akaninyooshea viganja vyake viwili. "Njo vile alianza. Hakujua Mungu wala mutume. Alitaka kamba itoke ku mikono. Akajifunza Fatiha mbio mbio, akiwa anatwanga mupunga wa msafara. Neno, mutwango. Neno, mutwango."

Nikamuuliza kama aliendelea kuswali baada ya kufika Kindu, baada ya kamba kutoka kabisa. Alinitazama kama ninauliza kama maji ya mto yanalowesha. "Aliipenda, mwanangu. Ilianza na kamba, halafu akaipenda. Alipokuwa mukubwa, wanawake wa hapa wote walikuja kutwanga naye, sababu alikuwa na kinu kikubwa, naye akawafundisha vile alifundishwa. Wakubwa wenye kanzu walifundisha wanaume. Wanawake, nani alikuwa na nafasi nao? Mama yangu." Ndipo nikaelewa mahali pa kukata pumzi. Mchi ulikuwa unashuka hapo. Bibi yake Mama Zaina alikuwa ametwanga kwenye kinu cha Mashaka, na mjukuu wake alikuwa akimwomba Mungu kila siku kwa pumzi ya msichana aliyefungwa kamba.

Nilifurahi kupita kiasi. Wengine walinipa ndevu na pembe za ndovu. Huyu alinipa kitu ambacho niliweza kukisikia kwa masikio yangu kila alfajiri. Niliandika kurasa sita. Nilipofunga daftari, au kaye kama wanavyoliita hapa, Mzee Amisi aliweka kidole juu ya jalada. "Sikukatazi kuandika," alisema. "Lakini hii njo ya kaye. Haiko ya barza." Nikasema, "Ndiyo, Mzee." Nilisema kwa heshima zote, na nadhani wakati ule nilimaanisha.

Siku chache baadaye Mama Zaina alipata wageni, wanawake wawili wa nyumba yenye jina, waliovaa vikwembe vya sikukuu ingawa haikuwa sikukuu. Walikuwa wanasaidia kupeta mchele kidogo uliopatikana. Mama Zaina alitaka kuwaonyesha kwamba nyumbani kwake anaishi msomi. "Kapinga," akaita, "leta kaye yako, usome. Wasikie vile dini ilifika kwetu." Alikuwa anasubiri babu yake. Ukurasa wa babu yake ulikuwepo. Ningeweza kuusoma, wangetikisa vichwa, tungekula mchele. Lakini ulikuwa ukurasa mbovu, na mimi nilikuwa na ukurasa mzuri. Nilitaka sifa. Sina neno jingine la kujificha nyuma yake. Nilijidanganya kwamba ninamheshimisha Mzee Amisi, nikafungua kurasa zake sita, nikasoma kwa sauti ya darasani, kamba, mpishi, kinu, na nikafika mpaka mahali pa bibi yake Mama Zaina na mchi. Hata nikawasomea Fatiha kwa pumzi yao, kuwaonyesha. Mimi, Mkatoliki!

Ungo wa mgeni mmoja ulisimama hewani. Hakuna aliyenigombeza. Mama Zaina alisema tu, "Mvua itanyesha, ingiza mukeka," na jua lilikuwa linawaka. Wageni waliaga kabla mchele haujapikwa. Kesho yake kisimani mwanamke mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba mama yake Amisi alikuwa wa kukamatwa, na aliuliza akiwa amekunja pua, kama mtu anayeulizia panya katika chungu. Kisha nikasikia neno ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kwa mwaka mzima niliokaa nao: kwamba mnyama aliyechinjwa na mkono wa mtumwa haliwi. Walilisema kwa kunong'ona, kama kitu kilichoandikwa. Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu, nikauliza. Akakasirika kweli. "Hakuna kitabu chenye kinasema vile," alisema. "Hata kimoja. Ni upuuzi wa watu ya zamani. Amisi anachinja halali kupita wote." Nikarudi nyumbani nikiwa nimepona, nikidhani kwamba jambo likishasemwa na shehe limekwisha.

Idi ya kuchinja ikafika. Mtaa mzima ulikuwa na mbuzi mmoja, aliyevushwa mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, na sote tulikuwa hatujaonja nyama kwa miezi. Mzee Amisi alikuja na kanzu iliyofuliwa mpaka ikaonyesha mifupa ya mabega. Walimwacha achinje. Hilo ndilo linalonichukiza kupita yote mengine: walimwacha. Walisimama wakamwona anamgeuza mbuzi kuelekea kibla, wakamsikia anataja jina la Mungu, wakamwona anafuta kisu kwenye majani, na hakuna aliyefungua mdomo. Nyama ikapikwa kwenye sufuria kubwa uani kwa Mama Zaina. Harufu ilinijaza mate mpaka nikaona haya. Wanaume wakakaa kwenye mkeka wao, wanawake kwenye wetu, sinia zikaja, wali na nyama juu yake. Na watu wakaanza kula wali. Walikula wali kwa pembeni, wakiuchimba kwa vidole kuzunguka nyama, kwa uangalifu, kama watu wanaotoa mchanga. Kila mtu alikuwa na sababu. Huyu jino linamuuma. Yule tumbo. Shehe, yule yule wa hakuna kitabu, alisema ameshiba kwa baraka ya siku, akanyanyuka kunawa.

Mzee Amisi alielewa polepole. Nilikuwa nakiona kichwa chake kikigeuka kutoka sinia hadi sinia. Alichukua kipande, akala mwenyewe, akatafuna mbele ya watu wote, na hakuna aliyemfuata. Kisha akasimama, akavuka ua, akaja kwenye mkeka wa wanawake, jambo ambalo si la kawaida, akasimama mbele yangu. Mbele yangu kulikuwa na sahani yangu peke yangu, maana mimi mgeni Mama Zaina alinipakulia mbali. Ilikuwa na vipande vitatu. Mama Zaina alinitazama. Nyumba ilikuwa yake, mkeka ulikuwa wake, na nje ya uzio ule kulikuwa na vita na sikuwa na mtu. Nikaisukuma sahani. Niliisukuma kwa kidole kimoja, umbali wa kiganja hivi.

"Na weye?" Mzee Amisi aliuliza. Hakuinua sauti. "Weye mukristu, weye nani alikukataza?"

Akaondoka akiwa amesahau kisu chake kwenye majani. Nyama ilibaki kwenye sinia mpaka nzi wakaifunika, mpaka mafuta yakaganda meupe juu ya wali, na jioni wakaichimbia shimo nyuma ya choo. Katika mwaka wa njaa, watu waliokuwa wakila majani bila chumvi walifukia mbuzi mzima. Nilisaidia kubeba sufuria. Harufu ile, ya nyama nzuri iliyoanza kugeuka, ninaisikia mpaka leo nikipita karibu na bucha, na ninavuka barabara.

Wiki hiyo hiyo Mzee Amisi aliondoka na mke wake na binti yake, kwa miguu, njia ya Lubutu, akielekea Obokote, kwao mama yake, ambako hakuwahi kuishi na hakumjua mtu. Njia ile wakati ule hakuna aliyeipita kwa hiari. Majirani walisema amekwenda kuwasalimia ndugu. Mama Zaina alisema hivyo pia, na baada ya muda nadhani aliamini. Mimi nilikaa naye mpaka treni iliporudi. Hatukulizungumza hata mara moja, na kila siku nilimsikia akisoma Fatiha na kukata pumzi pale pale.

Basi mwezi uliopita, kwenye barza ile ile, nilikuwa nimeandika "Alitumwa na wazee wa Kindu" kwenye ukurasa mpya, kwa mkono wangu mwenyewe. Wageni walikuwa wamekuja na mbuzi, na Yuma, kwa kuwa ndiye mgeni wa heshima, alipewa kisu. Sasa hakuna aliyekumbuka upuuzi wa zamani. Siku hizi kuwa mjukuu wa waliokamatwa ni jambo la kusimulia wageni wa mbali, na nimesikia nyumba mbili zikigombania Bibi Mashaka kuwa wao. Walikula wote. Mama Zaina aliongezewa mara mbili. Nilijiambia ninyamaze, nimeshakuwa mtu mzima, wamefurahi, na mzee alikufa zamani. Halafu Mama Zaina akasema tena, "Na roho yote," akajifuta kidevu kwa ukingo wa kikwembe, na nikasikia sauti yangu ikitoka.

"Hakutumwa," nilimwambia Yuma. "Alikuja kwenu kwa kuwa sisi tulikataa kula nyama yake. Nilisoma siri ya mama yake hapa, kwenye barza hii. Kisha siku ya Idi akaja kusimama mbele yangu, nami nikaisukuma sahani."

Mama Zaina aliinama kwa jirani yake, akauliza, "Anasema nini?" na ninajua kwamba masikio yake ni mazima.

Yuma hakushangaa. Alikuwa ananawa mikono, akamaliza kunawa. "Siye wakubwa tunajua, Mama," alisema. "Babu alituambia yote. Lakini watoto, alisema waambiwe kama alitumwa. Alisema mutoto hawezi kupenda dini yenye ilimutapika babu yake. Kwa hiyo andika vile vile alitaka." Akakausha vidole kwenye kanzu. "Tulikuja kushukuru sababu yeye alituagiza. Na kuangalia kama kuko muntu atasema." Kisha akawaongoza wenzake katika dua, na katikati ya Fatiha, wanaume watatu kutoka msituni, ambao wenyewe hawakuzaliwa Kindu, walikata pumzi mahali pale mchi uliposhuka.

Ukurasa wa watoto wa Obokote nimeuandika kama alivyotaka. Huu ni mwingine.

Dua ilipokwisha, Yuma alipakua kwenye sinia, vipande vitatu, wali kidogo, akaleta sahani mwenyewe akaiweka mbele yangu. "Babu alisema ulikuwa na njaa siku ile," alisema. "Kula, Mama. Nimechinja miye." Watu wote walikuwa wananitazama, na Mama Zaina pia. Nyama ilikuwa ngumu. Nilitafuna kipande cha kwanza mpaka kikashuka, nikachukua cha pili, na Yuma akabaki amesimama pale mpaka sahani ilipokuwa tupu.